Mbao Zilizogandana

Ofisi ya mkuu wa shule ilinukia paini mbichi. Madawati mapya yalipangwa ukutani mpaka dirishani, mengine bado yakitoa utomvu kwenye vifundo, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake nimemshika mkono binti yangu, Atupele. Muda mfupi kabla ya hapo nilimkuta nyuma ya jiko la shule, amekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, wenzake wakiimba darasani. Nilikwenda kumpelekea sweta tu, maana asubuhi ile mtaa wetu wa Soweto ulikuwa na baridi ya kuingia mifupani. Mpishi aliniambia huku ameinamia sufuria kwamba mtoto anakaa pale tangu muhula uanze: mwalimu wa darasa ni mjamzito, na anaogopa akimtazama sana atazaa wa namna hiyo. Nikamvuta mwanangu hadi ofisini. Mkuu wa shule hakukataa neno. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, "Mama Atu, na wewe jiulize ulimtazama nani ulipokuwa na mimba yake." Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilifungua mdomo nimtukane, na matusi ninayo, lakini ile harufu ya paini ilinitangulia. Ilinibeba ikanipeleka Mafinga, nyumbani kwetu, mwaka ambao watu wazima walikaribia kumfukuza mama yangu kwa sababu ya ubao mmoja.

Nilikuwa darasa la tatu. Karakana ya baba ilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na barabara wanakopita malori ya magogo kutoka msituni, na harufu ya paini ilikuwa kila mahali: kwenye nywele, kwenye uji, kwenye shuka. Tulichezea maranda kama watoto wa kwingine wanavyochezea mchanga. Baba alifanya kazi na mdogo wake, Ba'mdogo Festo, na walikuwa na utaratibu waliourithi kwa babu, ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Gogo likishapasuliwa, mbao hazilali bila kugawanywa. Mbao zilizopasuliwa jirani ndani ya gogo zina mistari inayofanana kama sura za ndugu, kwa hiyo waliziita pacha, na kila pacha waliachanishwa: mmoja kwa baba, mwenzake kwa Ba'mdogo. Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, mpaka rundo linakwisha, ndipo watu wanakula. Na kwa kuwa paini mbichi ina utomvu kama gundi, kati ya ubao na ubao lazima uweke fito, hewa ipite, zisigandane. Mtoto wa fundi Mafinga anajua kuweka fito kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Siku hiyo fito hazikuwekwa. Zilikuwa mbao nyembamba za dari, Ba'mdogo alizihitaji kwa dari la kanisa la usharika wetu, na mvua ya ukungu ilishuka ghafla, ile ya kwetu ambayo haina matone lakini inakulowesha mpaka moyoni. Waliziburuta ndani, wakazirundika hivyohivyo, na baadaye wakagawana haraka bila kuangalia nani kavuta wa mwisho, vidole vimekufa ganzi, giza likianza kuingia. Baada ya wiki kama mbili Ba'mdogo alikuwa juu ya ngazi kanisani, na dari likabaki na pengo. Ubao mmoja haupo. Akaja kwetu, wakakagua rundo la baba, likaonekana lina idadi ileile inayotakiwa. Baba akaapa kwamba alivuta ubao mmojammoja, hakuongeza hata mmoja. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hiyo ndiyo iliyowatia wazimu. Mtu akipotelewa na kitu na mwizi haonekani, atamtafuta mchawi.

Shangazi yetu, dada yao mkubwa, hakuhitaji kutafuta mbali. Mama yangu hakuwa Mhehe. Baba alimuoa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, na kwa shangazi kila mtu wa machimboni ana dawa. Alitangaza kwamba mama amekuja na chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta mali za watu, na leo amevuta ubao, kesho atavuta watoto. Maneno yale yalitembea kuliko malori. Akina mama wa kisimani waliacha kumjibu salamu. Mama anasema "kamwene," wao wanatazama ndoo. Ba'mdogo alijenga uzio wa mabanzi katikati ya ua, na binti yake Eda, niliyekuwa nakula naye sahani moja, akakatazwa kuniangalia. Tulikuwa tunachungulia kwenye nyufa, jicho kwa jicho, bila kusema. Baba alimtetea mama kwa siku za mwanzo, halafu akawa anakimbilia karakana kila shangazi alipofungua mdomo. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, lakini hawakusema mke wa ndugu achukue nini. Mama alichukua begi. Lilikaa mlangoni limefungwa, likisubiri ndugu zake waje kumchukua, nami kila nikitoka shule natazama kwanza kama begi bado lipo.

Lilikuwepo siku jua lilipotoka. Baada ya baridi ndefu, mchana ule uliwaka kweli, na baba akatoa rundo lake nje likauke. Mama alikuwa anachambua maharage, mimi nipo miguuni kwake, Ba'mdogo anapiga randa upande wa pili wa uzio. Mara tukasikia kwenye rundo: ta! Kama mtu amevunja kijiti kikavu. Ubao mmoja ulikuwa umejikunja ukapasuka kwa urefu wake wote, ila haukupasuka, uliachana. Zilikuwa mbao mbili. Baba alizinyanyua, moja kila mkono. Utomvu ulikuwa umekauka katikati yake ukawa unga wa njano, na mistari ya mti ilifanana sura. Ba'mdogo alipita kwenye uzio wake mwenyewe, akaangusha banzi, akapitisha kidole gumba pale kwenye utomvu, akanusa. Kisha akapiga magoti mbele ya ungo wa maharage.

"Shemeji, zilikuwa zimegandana. Nisamehe."

Mama hakuacha kuchambua. "Kaugongelee kanisani," alisema, "kila Jumapili muutazame."

Waliugongelea. Ulikuwa umepigwa jua peke yake, kwa hiyo rangi yake ni nzito kuliko wenzake, na mpaka leo ukikaa benchi za akina mama unauona juu ya kichwa chako. Shangazi hukaa upande wa wanakwaya.

Sikujua kwamba utotoni nilikuwa nimeshafundishwa somo nililokuja kulikariri kidato cha nne bila kulielewa. Kugawanyika kwa seli: nilichora michoro, nikapata alama, nikasahau. Nilikumbuka Atupele alipozaliwa, macho yake mazuri yamepanda kidogo pembeni, mwili laini kama unga uliokandwa. Daktari aliagiza damu ipimwe, moyo uchunguzwe, na majibu yaliporudi alinikalisha chini. Kila seli ya mtu, alisema, ina kromosomu arobaini na sita, jozi ishirini na tatu, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama, moja kwa baba. Yai au mbegu inapotengenezwa, jozi lazima ziachane, mmoja huku, mwingine kule, ili mtoto apate nusu kwa kila mzazi. Mara chache jozi hugoma kuachana. Kwa Atupele ni ile ya ishirini na moja: zilikwenda mbili pamoja, na mwenzi wa tatu, wa mzazi mwingine, akazikuta. Hali hiyo inaitwa Down. Haiambukizi. Haiji kwa kutazama wala kwa kucheka mtu. Nikamkatiza, nikamuuliza, "Kwa hiyo zimegandana?" Akafikiri, akasema ndiyo, unaweza kusema hivyo. Nililia, lakini yalikuwa machozi ya mtu aliyeondolewa mashtaka, kama mama yangu mchana ule wa jua.

Basi ndani ya ofisi ile sikutukana. Niliyasema hayo yote, taratibu, kwa sauti ya kufika darasani, nikigonga dawati la paini kila nilipofika kwenye jozi. Nilimwambia mkuu kwamba shangazi yangu hakusoma, na hata yeye alinyamaza ukweli ulipolia ta; wewe una stashahada ukutani na bado unatafuta mchawi. Nilipogeuka, mwalimu mjamzito alikuwa mlangoni, mkono tumboni. Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo dada, hata nikimpakata?" Nikamjibu hata ukimpakata mpaka akojoe. Atupele, ambaye hana kinyongo na mtu, alikwenda akamkumbatia mguu. Nilimwambia mkuu nakwenda kuandika malalamiko, akatuambia tutoke. Tukatoka wote watatu, na getini mwalimu yule akasema, "Andika na jina langu. Shahidi."

Mafinga ilibidi tusubiri jua. Mama hakuwa na pa kwenda kusema zaidi ya kwenye begi lake. Mimi nilikwenda ofisi ya elimu siku hiyohiyo, sweta la mtoto bado begani, karani akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili za barua yangu, na maneno ni haya: "Mimi ni mama mzazi wa Atupele. Nalalamika kwamba mwanangu alitolewa darasani na kukalishwa nyuma ya jiko kwa sababu ya kromosomu moja iliyozidi, ambayo hakuiiba na mimi sikuiroga. Nataka arudishwe darasani, akae benchi la mbele. Na nataka mkuu wa shule asimame siku ya kikao cha wazazi, awaeleze zilivyogandana. Akishindwa kueleza, niitwe. Nitakuja na mbao mbili."