Jeni ya Mama Thacienne

Thacienne wa Kirolirwe alizaliwa na vidole sita kwenye mkono wa kushoto. Nyanya yake alikifunga kile cha sita kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Kikakauka, kikaanguka, na kijiji kikasahau. Kwa miaka arobaini na miwili mkono huo ulijulikana kwa jambo moja tu: ulikanda jibini nzuri kuliko zote kilimani.

Kidole kilikumbukwa siku ulipoonekana uvimbe katika titi lake la kushoto. Watu wasiokumbuka hata tarehe za ubatizo wa watoto wao wakakumbuka kidole kilitupwa wapi.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Alliance alimpima, kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitalini Goma.

"Ni kile kidole njo kimerudia?" Thacienne akauliza.

"Hapana, Mama. Lakini swali yako haiko ya bure. Mu mwili muko jeni zenye ziko kama makapita, basimamizi ba kazi ya shamba. Mutoto akiwa mu tumbo, zinaamuru: huku mukono, huku kichwa, vidole tano, basi. Kapita mumoja akikosea kuhesabu, kidole inakuwa sita. Kisha zingine zinanyamaza. Mu kansa, kuko zenye zinaamuka saa mbaya, zinaanza tena kuamuru, na mwili unaota nyama kama bado iko mu tumbo."

"Basi kidole njo ilileta hii?"

"Hapana. Makapita ba namna moja, makosa mbili mbalimbali. Enda hii juma, Mama. Uvimbe ikikatwa kabla ya kutembea mu mwili, unaweza kupona."

Nje ya dirisha alisimama wifi wa Thacienne, Bibiche, akijifanya kusubiri dawa ya minyoo. Katika maelezo yote hayo alishika neno moja: jeni. Na huko kwetu jeni ni aibu. Anayekula peke yake mbele ya wageni huambiwa hana jeni. Kabla ya saa sita mchana kilima kizima kilijua kwamba muuguzi mwenyewe amesema Thacienne anaugua aibu. Ni aibu gani, hakuna aliyejua, na hilo halikumzuia yeyote kuieleza kwa urefu. Walionunua jibini yake jana wakaanza kusikia harufu ndani yake.

Magloire, mchungaji wa chumba cha maombi, alifika jioni hiyohiyo na uzi mweusi. Alisema kidole kilifungwa kikaanguka, basi na uvimbe ufungwe, huku mama akitubu jeni yake. Hekima hiyo ilipokelewa kwa amina nyingi. Thacienne aliogopa kisu cha daktari, na aliogopa zaidi kuitwa mkaidi. Akafunga uzi. Barua ya Goma akaiweka chini ya godoro.

Siku nane zikapotea hivyo. Uzi ulikata ngozi. Uvimbe ukabaki palepale.

Siku ya tisa Magloire alirudi na waumini, Bibiche akiwa mbele kabisa, amekaa kama mtu aliyelipia kiti.

"Sema jeni yako, Mama," Magloire akasema. "Mungu anangoja."

Thacienne alikuwa akikata jibini. Hakuweka kisu chini.

"Papa Pasta, mwaka ulipita jino yako iliuma. Ulitubu nini?"

Magloire akakohoa. "Ile ilikuwa jino."

"Na hii iko titi. Weye ulipanda pikipiki asubuhi, ukaenda kwa daktari Goma, hata maombi ya siku moja hukufanya. Jino yako iko na cheo kupita titi yangu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Thacienne akageukia ukuta, akapitisha kisu ndani ya blauzi, akakata uzi, akauweka katika kiganja cha mchungaji.

"Kamata. Utafungia nayo kinywa ya Bibiche."

Aibu ilikuwepo kweli Kirolirwe siku hiyo, ila ilikuwa imeketi kwenye viti vya wageni.

Akachukua barua chini ya godoro, akapanda pikipiki. Huko Goma, daktari alimpapasa kwapani, akapiga picha, akamwambia uvimbe haujaonekana kutembea, atapasuliwa Jumanne. Kisha akauliza kile kidonda cha mviringo kimetoka wapi.

Thacienne akamweleza yote, pamoja na kidole, bila jeni hata kidogo.