Nilimnyang'anya Mdogo Wangu Kitabu, Nikamkaririsha Sinema

Kosa ni langu, msinitafutie mtetezi. Nimemkosesha mdogo wangu nafasi yake kwa kiherehere cha kujifanya najua kitabu ambacho sijawahi kukifungua!

Mimi ndiye mkubwa kwetu, tunaishi Kawajense. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha kwanza, nikaanza kuuza vitumbua ili wadogo zangu wawili wasome. Kwa hiyo nyumbani nikisema, nimesema.

Mmoja wao, Neema wa darasa la sita, alichaguliwa kusimulia kitabu siku ya wazazi. Atakayeshinda angeiwakilisha shule mkoani. Mwalimu akampa kitabu cha zamani cha watoto: ndugu watatu na punda wao wanamtafuta mama yao aliyepotea.

Jamani, si ndiyo ile sinema ninayoipenda kuliko wali! Nimeiona banda la video mpaka najua DJ anayeitafsiri anakohoa wapi.

"Kitabu cha nini?" nikamwambia. "Kaloweke mchele, nitakusimulia mwenyewe."

"Dada, mwalimu kasema tusome."

"Kwani mwalimu kaiona mara ngapi?"

Nikakipandisha kitabu juu ya kabati. Siku nne nikamkaririsha: punda anavyomjibu trafiki maneno ya shombo, punda anavyopanda bodaboda kwenda Mwese huku akilalamikia barabara, na mwisho mama anarudi, watoto wanamrukia. Hapo huwa nalia kila mara!

Siku ikafika. Nikakaa mstari wa mbele na kitenge changu cha Krismasi. Neema akaanza vizuri. Akinitazama, namkonyeza: twende! Punda alipopanda bodaboda watu wakavunjika mbavu. Nikajua tumeshinda. Kumbe wenzake waliokisoma kitabu wanamcheka!

"Neema," mwalimu akamuuliza, "hiyo bodaboda ipo ukurasa wa ngapi?"

Mtoto akanitazama. Na mimi, dada mtu, nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi! Nafasi akapewa mwingine.

Kwa hasira nikakishusha kitabu nione mwandishi kakosea wapi. Kilinichukua wiki nzima, kidole kwenye mstari. Hakuna trafiki, hakuna bodaboda. Yote ni chumvi ya DJ. Punda hasemi hata neno moja. Punda gani huyo!

Na mama harudi. Watoto wanarudi nyumbani wenyewe, dada yao mkubwa anawasha moto, basi, kimeisha. Nikabaki nimekikodolea macho, vitumbua vikaungua vyote.

Nikamwita Neema. "Mama yao harudi."

"Najua, dada."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nakisoma ukienda sokoni. Nilikimaliza."

"Sasa mbona ukasimulia ya kwangu, mjinga wewe?"

"Ulikuwa umekaa mbele," akasema. "Na ulikuwa umefurahi sana."

Nikageuka nikaanza kukwangua vitumbua vilivyoungua. Mimi mwenye mdomo wa kugombana na soko zima!

Nyie wakubwa wenzangu mnaojua kila kitu, kabla hamjamfundisha mtoto, muulizeni anajua nini. Mimi sikuuliza. Nilidhani namlea, kumbe aliyekuwa amenibeba mimi pale mbele ya wazazi wote, na aibu yangu yote, ana miaka kumi na miwili.