Kwa Judite, Chini na Juu

Shangazi Zainabo hakuwahi kupika matabicho, chakula cha asubuhi, na mji wetu wote wa Palma ulijua. Kila asubuhi, kabla mumewe Ossufo hajaenda kujenga nyumba za watu, walitoka pamoja kutafuta chai. Majirani walimtania mpaka wakachoka.

"Zainabo, jiko lako litaota uyoga!"

Ossufo ndiye aliyejibu: "Liote tu. Tutaula na huo uyoga."

Mwaka huu niliporudi kutoka chuo, Pemba yetu ya Msumbiji, shangazi alinishika mkono akanitembeza mji kama mgeni, ingawa nimezaliwa hapa. Tulikula muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu nyuma ya msikiti mdogo. Maji ya bahari yalipotoka tulishuka kwenye mikoko, akabandua chaza kwenye mizizi na kuwala palepale, na chumvi yao. Mahali pengine alinionyesha kwa kidole tu. "Hapa palikuwa na vitumbua," alisema mbele ya ukuta mweusi wa moshi, akameza mate kana kwamba harufu ya iliki bado ipo.

Mtu akimwambia wakutane kwa Judite, humkatiza: "Kwa Judite kupi? Chini au juu?" Vijana hucheka, kwa sababu Judite anauza chai mahali pamoja tu, juu, kando ya barabara kuu. Lakini zamani aliuza chini, pwani, kwenye kibanda cha bati kilichotazamana na njia ya mteremko. Kazi za gesi zilipoanza kuleta watu, akahamia juu walikopita. Kibanda kikaoza, ikabaki benchi ya magogo. Wengi waliendelea kupaita kwa Judite, na Ossufo akiwa mmoja wao. Hapo ndipo alipomchumbia shangazi, na kwake jina lilikuwa la mahali, si la mwanamke.

Siku watu wenye silaha walipouvamia mji, shangazi alikuwa sokoni na Ossufo kazini. Ossufo alimpigia simu.

"Tukutane kwa Judite," alisema. Kisha simu ikakatika.

Katika hofu ile shangazi alimfikiria Judite mwenyewe, mtu mzima mwenye nyama na sauti. Akakimbilia juu. Alisubiri huku risasi zikisogea, mpaka Judite alipomvuta kwa nguvu wakaingia mashamba ya mihogo. Ossufo hakutokea. Hakutokea Pemba walikokimbilia, wala hapa waliporudi.

Kwa miaka yote tangu siku ile shangazi alijua jambo moja: alisubiri, mume hakuja. "Aliniahidi, akaokoa roho yake," aliniambia siku moja akipasua muhogo. "Labda yuko Mtwara na mke anayepika." Alijaribu kucheka. Lakini kila mgeni aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma alimuuliza kama amemwona fundi mrefu, mwenye pengo, anayependa chai ya tangawizi.

Juzi alinipeleka kwa Alima, ambako ukichelewa pweza wa nazi huisha ukabaki na mchuzi. Tulimkuta Abdulcarimo, mwenye boti, aliyerudi majuzi tu kutoka Tanzania alikokuwa tangu siku ile ya kukimbia.

"Zainabo! Bado hupiki?"

"Nikipika wewe utakula wapi?"

Alima alicheka. Abdulcarimo naye alicheka, kisha akaacha kijiko.

"Fundi alikupata lakini?"

Shangazi alimgeukia.

"Siku ile nilipakia watu pwani," alisema. "Ossufo alikuwa amekaa pale kwa Judite, kwenye benchi. Nikamwita, ingia, nafasi ipo. Akasema, namsubiri mke wangu, tumeagana hapa. Nikamwita tena. Akaniambia, Karimo, nenda, huyu mwanamke hajui kuharakisha."

"Kwa Judite kupi?" aliuliza shangazi, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Pale chini. Kwani kuna kwingine?"

Alima alizima redio.

"Halafu?"

"Tulipogeuka nyuma, moshi ulikuwa umeshaziba pwani. Nilidhani ulimkuta, dada yangu. Wallahi nilidhani mko pamoja."

Shangazi aliisogeza sahani yake mbele ya Abdulcarimo, akainuka. Pweza hakuguswa.

Asubuhi yake tulipita kwa Judite, juu. Judite alikuwa ameshamimina chai ya shangazi. Shangazi alimwambia, "Leo sikai," akaniomba nibebe vitumbua kwenye karatasi, tukateremka. Ile benchi bado ipo, gogo moja limeliwa na mchwa. Alikaa. Kwa muda mrefu hakutazama bahari hata mara moja. Alitazama mteremko, ile njia ambayo yeye mwenyewe angeishukia siku ile kama angekuja. Kutoka pale unamwona mtu tangu anapotokea juu kwenye minazi, unamjua kwa mwendo kabla hujamjua kwa sura.

"Alikuwa ananitazamia," alisema.

Nilifungua karatasi ya vitumbua, nikaja kuchuchumaa mbele yake ili ale.

"Sogea, mwanangu," alisema shangazi. "Unaziba njia."