Mkono wa Siwema

Mama yangu wa kwanza alifariki nikiwa na miaka tisa. Wa pili aliletwa na treni kutoka Usoke, akiwa na sanduku la bati, mkeka na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mimi nilimchukia kabla hajateremka behewani. Jina lake lilikuwa Siwema. Watoto wenzangu wa mtaa wetu wa Ng'ambo walinihurumia siku ile kama mtu aliyefiwa upya, nami nikaipokea huruma yao yote bila kubakisha.

Baba yetu, Abasi, alikuwa gadi wa treni za mizigo. Kwa juma zima tulimwona siku moja au mbili. Siku nyingine alikuwa njiani, mara Kigoma, mara Mwanza. Tulikuwa watoto watatu: mimi Batuli, mdogo wangu Yahaya, na Omari, ambaye wakati wa habari hii alikuwa na miaka mitano na tumbo lisilojua kushiba. Aliyetulea baada ya msiba alikuwa Bibi Mwamvita, mama yake baba. Bibi alikuwa mtu wa mjini hasa. Babu yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani akarudi salama, na kwa Bibi hiyo ilikuwa hati tosha ya ukoo wetu kutoshika jembe milele.

Siwema yeye alizaliwa shambani. Alitembea upesi, akacheka kwa sauti, na wanawake wa vijijini waliopita na vikapu vyao aliwaamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka", toka mlangoni, na Bibi akijikunyata kwa aibu. Sikumwita mama. Sikumwita Siwema pia, maana ningepigwa. Asubuhi nilisema "Shikamoo", akaitika "Marahaba, mwanangu", na hapo mazungumzo yetu yakaisha mpaka kesho yake. Niliweza kuishi hivyo miaka miwili, na nilijiona shujaa.

Ndipo ulipofika mwaka sabini na nne, mwaka wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mvua zilikuwa zimetukimbia, na dukani tulipanga foleni ya unga wa njano ambao watu waliuita yanga, kwa rangi yake. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Silasi, alipita mlango kwa mlango akitangaza kwamba kila kaya lazima ilime, ya fundi cherehani na ya muuza kahawa sawasawa. Sisi tulipewa robo eka nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Silasi aliipima kwa hatua zake mwenyewe, na alikuwa na miguu mifupi.

"Shamba?" Bibi aliuliza. "Mimi? Kwa kosa gani?"

Mtu pekee aliyefurahi nyumbani mwetu alikuwa Siwema. Alfajiri ya kwanza alituamsha watatu, akatubebesha majembe, akatutanguliza njiani. Mimi nilivaa viatu vyangu vya sikukuu ya Idi ili watu wajue kwamba sikuwa mkulima. Kufika adhuhuri kimoja kilikuwa kimefumuka soli, na Siwema alikitazama, akanitazama mimi, akaendelea kulima.

Lakini ulimi wake haukulala siku nyingi. "Batuli, unalima au unalibembeleza jembe?" aliniuliza nilipokuwa nagusagusa ardhi kwa ncha ya jembe. Yahaya alicheka hadi akakaa chini. Alitufundisha kuinua matuta, maana mvua ya kwetu ikija huja yote kwa mkupuo na shamba la sesa, lisilo na matuta, hulala majini. Kila tuta alilipiga mgongo kwa jembe likanyooka. Omari alipewa kazi ya kuokota mawe na kuyapanga mpakani, na akawa mkali juu ya mawe yale kuliko Silasi juu ya nyumba zake kumi. Siku kumi na mbili zikapita hivyo. Viganja vyetu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakauka. Nitasema kweli: jioni nyingine nilisahau kumchukia mpaka tulipofika nyumbani.

Mbegu ilitoka kwa baba yake, Usoke. Ilikuwa debe zima la karanga ambazo Siwema alizimenya kwa vidole, moja moja, asichubue ngozi yake nyekundu, kwa sababu karanga iliyochubuka haioti. Kidogo alikificha akiba chini ya kitanda. Zilizobaki alitugawia siku ya kupanda, kila mtoto fungu lake ndani ya pindo la kanga. Tulikuwa tumekunywa uji wa yanga usio na sukari, nao ulikuwa umekwisha tumboni kabla hatujavuka reli.

"Kwetu mtoto akipanda karanga huimba," alisema. "Mdomo unaoimba hautafuni. Nataka niwasikie wote watatu mpaka mwisho wa tuta."

Yeye akatangulia kuchimba vishimo, akiwa ametugeuzia mgongo, masikio yakiwa kwetu. Tukaimba nyimbo za mchakamchaka za shuleni. Tuta la kwanza tuliimba wote. La pili, harufu ya karanga mbichi ikiwa mikononi na njaa ikiwa pale pale, nilipata akili ambayo kwa umri wangu naweza kuiita kipaji: watatu wakiimba kwa nguvu hakuna anayejua kama ni watatu au wawili. Tukapeana zamu. Wawili wanapiga kelele, mmoja anatafuna. Omari kwenye zamu yake alikula kwa bidii hadi tukamnyang'anya. Kila kishimo kilichokosa mbegu tulikifukia vizuri na kukikandamiza kwa kisigino, na Siwema alipogeuka alituona tukiimba kama watoto wa gwaride.

"Mmefanya kazi nzuri," alituambia jioni. Nililala nimeshiba, na sikuona haya hata kidogo.

Mvua ikanyesha, kisha jua, kisha mvua. Siku ya nane karanga zikachomoza. Matuta ya kwanza yalijaa, majani mawili mawili, ya kupendeza. Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa aibu: mche hapa, halafu hatua tatu za udongo mtupu, halafu miche miwili. Na shamba letu lilikuwa kando ya njia, kila mtu wa Ng'ambo aliyekwenda kwenye shamba lake alipita hapo.

"Shemeji," Silasi alimwambia Siwema, "shamba lako limeng'oka meno. Ni kunguru hawa."

Alishauri sanamu ya matambara. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi watatu tulisimama nyuma ya Siwema na kutikisa vichwa, tukiwalaani kunguru. Siwema alichuchumaa, akafukua kishimo kimoja kwa kidole, akafukua cha pili na cha tatu. Kisha akanyanyuka, akapangusa mkono kwenye kanga yake. Hakusema chochote njia nzima.

Aliyesema alikuwa Bibi. Siku hiyo alitoka kwenda kuliona shamba, na mwavuli wake, na aliporudi alikaa barazani wapita njia wamsikie. Wazee wetu waliamini kwamba kupanda kuna mkono. Yupo ambaye mkono wake ukigusa mbegu inaota hata juu ya jiwe, na yupo ambaye mkono wake unaiua. "Mkono wa Siwema hauoteshi," Bibi alitangaza. "Miaka miwili yuko kwangu, hajaotesha kitu, si udongoni si tumboni. La kuvunda halina ubani. Abasi akirudi Jumamosi nitamwambia amrudishe kwao kabla nyumba yote haijakauka."

Siwema alikuwa uani anapepeta. Alisikia kila neno, maana ungo ulisimama. Alikuwa hajapata mtoto, na kila mwezi, sasa najua, alikuwa akilia juu ya jambo hilo.

Na mimi nilifurahi. Ni lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeomba dua miaka miwili aondoke, na hii hapa dua imejibiwa, nami sitakiwi kufanya lolote ila kunyamaza. Yahaya alitaka kusema, nikamfinya. Omari nilimwambia kwamba watoto wanaoiba mbegu huchukuliwa na polisi wa reli, na masikini akakaa chini ya kitanda hadi magharibi.

Alhamisi Siwema alinisuka, kama kila Alhamisi, ili Ijumaa inikute nadhifu. Nilidhani safari hii ataniacha. Alinikalisha kwenye kigoda kati ya magoti yake, akanipaka mafuta, akagawa nywele kwa kitana taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine. Hakuharakisha. Hakunivuta. Alipofika karibu na sikio, mahali ambapo huwa nalia, aliuliza, "Nimekuumiza?"

Nikasema hapana. Nilitamani anipige. Angenipiga ningeweza kuendelea kunyamaza bila taabu, lakini vidole vile vilikuwa vinanisuka vizuri kuliko siku zote, na nikaelewa kwamba alikuwa ananiaga.

Jumamosi asubuhi Baba alifika, na taa yake na bendera zake mbili chini ya kwapa. Hakupewa hata maji. Bibi alimkalisha barazani na kumweleza yote, akamaliza na habari ya mkono usiootesha. Siwema alitoka chumbani. Sanduku la bati lilikuwa mlangoni, limefungwa, na mkeka umekunjwa juu yake.

"Mama anasema hivi," Baba alisema. Alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya mama yake alipungua urefu. "Wewe una la kusema?"

"Sina, baba Batuli."

Alijibu bila kunitazama. Niliangalia kucha zake, zilikuwa na udongo wa shamba letu, na nikasikia mtu anasema, "Tulikula." Mtu huyo alikuwa mimi.

"Mlikula nini?" Baba aliuliza.

"Mbegu. Hatukupanda. Tulizila."

"Amefundishwa huyu!" Bibi akaruka, kisha akanigeukia mimi, mjukuu wake. "Mke mwenza wangu, usidanganye kwa ajili ya mtu. Si mlikuwa mnaimba? Njia nzima iliwasikia."

"Tuliimba kwa zamu, Bibi. Wawili wanaimba, mmoja anakula."

Omari, aliyedhani polisi wa reli ni baba yake na ndiyo maana amekuja na bendera, akaanza kulia na kukiri kwa sauti kubwa kwamba yeye alikula nyingi, lakini Yahaya alikula zaidi. Baba aligeuza uso ukutani. Mabega yalimtikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Kisha alituchapa wote watatu, mimi zaidi, na sikuona kama nimeonewa.

Bibi hakuomba radhi. Haikuwa desturi yake na hakuianza siku ile. Aliinuka, akalishika lile sanduku la bati kwa mikono yake miwili ya kizee, akalikokota mwenyewe hadi chumbani, likipiga kelele sakafuni, na hakukubali mtu amsaidie.

Kesho yake alfajiri Siwema alitoa ile akiba ya chini ya kitanda. Ilikuwa sahani nne, tano. Nusu yake aliitia chumvi na kuichemsha. Shambani alifungua sufuria mbele yetu, akasema, "Kuleni." Tulikula tukiwa na hofu, halafu tukala tu, mpaka Omari mwenyewe akasema basi. Ndipo alipotugawia mbegu, kidogo kidogo viganjani, akaenda kulima upande wa pili kabisa, mbali. Hatukula hata moja.

Tulipopumzika nilimfuata. Nilikuwa na swali nililolibeba tangu jana.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ya kunguru. Mbegu iliyooza huacha ganda. Kunguru naye hufukua. Vishimo vyenu vilikuwa vimefukiwa vizuri, na ndani hamna kitu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alikung'uta udongo kwenye jembe. "Ningesema, bibi yako angewaadhibu, nami ningekuwa mama wa kambo aliyesemea watoto. Hapo nisingewapata tena. Nikaona ningoje nijue kama mtaniacha niende."

"Na kama nisingesema?"

"Ningekwenda, Batuli. Treni ya saa kumi."

Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayetaja saa, akarudi kulima. Mimi nilibaki nimesimama tutani, nikalia kilio ambacho sikuwahi kukilia hata siku ya mazishi, na nilipomwita, nilimwita mama.

Alizaa baadaye, wawili, na Bibi alidai kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Lile shamba tulililima miaka mingi. Sasa mama Siwema ana miaka zaidi ya themanini, yuko chumba cha pili hapa Ng'ambo, anamkaripia mjukuu wangu kwa kushika jembe kama ufagio. Nikiisikia sauti yake huwa naacha ninachofanya. Mama wa kwanza alichukuliwa na Mungu, na sikuwa na la kufanya. Huyu wa pili nusura nimfukuze mimi mwenyewe, na kwa hilo ilikuwa inatosha ninyamaze tu.