Tangi Lisilojaa

Harufu ile ilitoka kwetu. Nimeikana tangu nikiwa darasa la nne. Nimeikana shuleni, kisimani na chuo kikuu, na mara moja niliikana mbele ya wageni waliokuwa wakila pilau yangu, ambao hata hawakuwa wameniuliza.

Baba alikuwa Bwana Afya. Alitoka Ngara, upande wa Kasulo, akapangiwa kazi Biharamulo, nasi tukafikia katika kijiji kipya karibu na Nemba ambako watu walikuwa bado hawajamaliza kuomboleza migomba waliyoiacha vilimani kwao. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imewapanga katika mistari miwili kando ya barabara, kila nyumba ikitazama barabara, kila choo nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mstari wa upande wa bondeni ulikuwa na vyoo vyake vyote kwenye mteremko, na chini ya mteremko ndipo kilipokuwa kisima. Aliyevuta kamba alikuwa na jicho zuri la mistari. Maji hakuyafikiria.

Baba alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akigonga magogo ya sakafu ya choo na kuchungulia shimo. "Hili likikaribia kujaa mtaniambia," aliuliza, "au mtaniacha nijinusie mwenyewe?" Aliwafundisha kumwaga majivu, kufunika tundu, kuhamisha shimo kabla halijafurika. Wengi walimwogopa. Bibi jirani yetu peke yake hakumwogopa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wa vyoo."

Sisi hatukuwa na shimo. Yetu ilikuwa nyumba ya mfano: mabati, matofali ya kuchoma, choo cha kumwagia maji kwa ndoo, na nyuma yake, upande ule ule wa bondeni, tangi la chini ya ardhi la kupokea uchafu. Fundi alikuwa amekwisha kujenga kuta na kuzipiga lipu vita vilipoanza. Akaitwa pamoja na mgambo wenzake, wakaondoka na malori kuelekea mpakani, na saruji ikawa kitu cha kusimuliwa. Mimi na mdogo wangu tukalifanya tangi nyumba yetu ya kuchezea. Tulitoka humo na tope jekundu mpaka magotini, mama akatuchapa.

Siku moja tulirudi kutoka shule tukakuta limefunikwa kwa zege safi, laini, la kupendeza mgeni. Na mgeni alikuwa anakuja: wakubwa wa wilaya walikuwa wametangaza kukagua nyumba za mfano.

"Na sakafu ya ndani?" mama aliuliza.

"Nimemwaga mwenyewe," baba alisema.

Mama alimtazama mikono. Kisha akaenda kupika.

Masika yalipokolea, kisima kikaanza kunuka. Si sana, harufu kama ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji. Watoto wakaanza kuhara, wa mstari wetu na wa mstari wa pili. Kwetu hatukuhara, kwa sababu mama alikuwa ameweka pipa chini ya mabati na kutukataza kunywa maji mengine yoyote. Sababu hakuisema, nasi hatukuiuliza. Wenzetu walikuwa na nyasi juu ya nyumba, na nyasi hazikingi maji ya kunywa.

Kulikuwa na Msukuma mmoja aliyehamia na familia yake na ng'ombe kutoka Shinyanga. Binti yake alikaa dawati moja nami. Ndiye aliyeniambia, tukiwa kisimani na ndoo zetu, bila ubaya wowote, "Maji haya yananuka kama nyuma ya kwenu."

"Ni ng'ombe wenu," nilisema.

Sikuwa nimefikiri. Lakini neno hilo halikuwa langu peke yangu, maana lilikuwa limekwisha kupita midomoni mwa watu wazima, na mwisho wa juma likafika kwenye mkutano wa kijiji. Baba alisimama na fimbo yake akaeleza jinsi kinyesi cha ng'ombe kinavyoharibu maji. Alieleza vizuri sana. Yote aliyosema ni kweli mpaka leo.

Msukuma aliomba nafasi. "Bwana Afya, ng'ombe wangu wanakunywa kule chini, ukishapita kisima. Maji ya hapa kwenu yanapanda mlima?"

Watu wakacheka. Bibi jirani akadakia, "Labda ng'ombe wa Kisukuma wanakunywa chini halafu wanapanda kunya juu. Wamesoma hao." Wakacheka zaidi, na kwa dakika chache nadhani mtu yule aliamini kwamba atabaki.

Baba akangoja kicheko kiishe. "Ndugu Mwenyekiti," alisema, "kuchafua maji ya wananchi wakati vijana wetu wako vitani ni hujuma."

Hakuna aliyecheka tena. Siku zile neno hujuma lilitosha kumfunga mtu, hata kama hakuna aliyejua amehujumu nini. Msukuma akaamriwa kuondoa mifugo yake. Alipewa eneo porini, ng'ambo ya Lusahunga, na kila mtu pale mkutanoni alijua kuna nini huko: mbung'o. Aliomba abaki mpaka avune mahindi, akakataliwa. Akaomba basi apelekwe popote pasipo na mbung'o, akaambiwa nchi iko vitani na kila mtu ajifunge mkanda.

Wakaondoka. Nilikaa dawati peke yangu, nikafurahia nafasi. Hatukumaliza hata mwaka kabla dereva wa lori aliyelala Lusahunga hajatuletea habari kwamba ng'ombe wa yule bwana wamekwisha wote, na kwamba siku hizi anabeba magunia ya wenzake pale njia panda. Baba alitikisa kichwa. "Pori lile ni baya," alisema, kama mtu aliyepata habari za hali ya hewa.

Kisima kiliendelea kunuka kila masika. Baba alisema udongo huchukua muda kujisafisha. Vita vikaisha, fundi hakurudi, mashimo ya majirani yakajaa wakachimba mengine. Tangi letu halikujaa. Halikufunguliwa, halikukaguliwa, maana la kukagua nini? Yeye aliyegonga vyoo vya kata nzima hakuwahi kugonga mfuniko wa kwake. "Kitu kikijengwa kwa akili hakijai," alipenda kusema, nami nililirudia neno hilo shuleni kama methali. Migomba iliyokuwa chini ya tangi ilizaa mikungu mikubwa mno, ikabidi itegemezwe kwa miti. Tulisifiwa mbolea.

Chuo kikuu niliandika insha ndefu juu ya vijiji vya ujamaa na migogoro ya wafugaji na wakulima. Mfano wangu mkuu ulikuwa kisima kilichochafuliwa na ng'ombe. Mwalimu aliusifu kwa kuwa, alisema, unanuka ukweli.

Tope la magotini nililikumbuka mara nyingi. Nilijiambia kwamba tulicheza kabla ya sakafu kumwagwa, na baba alisema aliimwaga, na baba hakuwa mwongo. Tulimzika na sifa hiyo.

Mwaka juzi mdogo wangu alikwenda kuikarabati ile nyumba ili aipangishe. Nilikuwa Dar es Salaam, nasahihisha mitihani, aliponipigia.

"Dada, fundi amevunja mfuniko wa tangi."

"Limejaa?"

"Litajaaje? Lipu ya ukutani imenyooka utafikiri ya sebuleni. Chini ni udongo mtupu."

"Labda sakafu ilioza."

"Saruji haiozi, dada. Fundi ameingiza mti. Umezama wote, hajagusa kitu kigumu. Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka mle?"

Nilisema nakumbuka. Nikamwuliza kama kisima bado kipo.

"Kipo. Wamekijengea kingo."

"Na wanachota?"

"Sasa wakachote wapi, dada?"