Ukiitwa Jioni

Mdahalo wa imani na sayansi ulipotangazwa Mbinga mjini, upande wa imani ulijaa siku ileile. Upande wa pili haukuwa na mtu. Waandaaji walizunguka wakitafuta mtu mmoja tu wa kusimama hadharani aseme haamini Mungu, wakakosa. Wasioamini wapo kwetu, nawajua, wengine hata huimba kwaya, lakini kulisema jambo hilo kwenye kipaza sauti ni kazi nyingine. Mwishowe mtu akawakumbusha kwamba kuna mwalimu wa biolojia huko chini ziwani, mwanamke, Mmatengo, binti wa katekista, ambaye haendi kanisani na wala hajifichi. Nikapigiwa simu.

Nilikubali palepale, na sababu haikuwa sayansi. Sababu ilikuwa baba.

Baba alikuwa katekista mstaafu, akiishi peke yake kwenye nyumba yetu ya mlimani, upande wa Litembo. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa miaka mingi baba alimeza vidonge vya presha kila asubuhi, na mama ndiye aliyemwekea kando ya kikombe cha chai. Kisha jirani akanipigia kuniambia mzee ameacha dawa. Nikapanda mlima, nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza kulikoni.

“Mama yako ananiita,” alisema.

Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwamba mbuzi amepotea. Jua likielekea kuzama, alisema, mama humwita kutoka shambani, kwa jina lake, vilevile alivyokuwa akimwita alipokuwa hai.

“Na wewe unaitika?”

“Bado. Najiandaa.”

Mtu yeyote wa kwetu anajua maana ya maneno hayo. Ukiitwa jioni na humwoni anayekuita, unanyamaza. Kuitika ni kukubali kwenda. Baba mwenyewe, enzi za ukatekista wake, aliwakanya watu wazima waliokuwa wakijiandaa kubatizwa waache hofu hizo za gizani, na aliwakanya kwa ukali. Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda, rozari shingoni, akingoja siku atakayojisikia kuitika. Vidonge vya nini kwa mtu aliye safarini?

Nilimweleza habari za masikio ya uzeeni na za ubongo wa mtu aliyefiwa, namna unavyoweza kutunga sauti uliyoizoea. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ule uvumilivu wa mzazi anayesikiliza mtoto akikariri mashairi ya shule.

“Umemaliza?” akauliza. “Basi injika maji.”

Ndiyo maana niliwaambia waandaaji nitakuja, ila baba yangu akae kiti cha mbele. Nilipiga hesabu hivi: nyumbani hanisikii kwa sababu mimi ni mtoto. Ukumbini, mbele za watu, huenda angenisikia. Na kama hatanisikia mimi, atamsikia padre, ambaye ndiye angeongoza upande wa pili. Kati yetu wawili mmoja angemrudisha kwenye vidonge vyake. Sikujali sana angekuwa nani.

Siku yenyewe nilimfuata baba nyumbani asubuhi. Tulipita kando ya shamba letu, nami nikasimama bila kutaka. Wamatengo tunalima ngolo, mashimo ya mraba yanayofunika mteremko mzima, ili mvua isiondoke na udongo. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mistari inayokatana, miraba kwa miraba. Mwanamke hufuata na jembe, akichimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo, na juu ya matuta hayo ndipo maharage hupandwa. Baba alikuwa amelaza nyasi zake kwa ufundi uleule, mistari imenyooka kuanzia juu hadi bondeni. Hakuna hata mmoja uliokuwa umefukiwa. Kilima kizima kilikuwa kimepangwa tayari kwa mtu ambaye hayupo.

“Ungetafuta vibarua wa kufukia,” nilimwambia.

“Hiyo si kazi ya vibarua,” alijibu, akaendelea kutembea.

Ukumbi ulifurika. Najua wengi walikuja kumtazama mtu asiyeamini anafananaje, na nadhani niliwasikitisha, maana nilikuwa nimevaa kitenge na viatu vya kawaida. Mwongozaji alishika kipaza sauti akaanza na “Tumsifu Yesu Kristo,” na kabla sijajua ninachofanya, mdomo wangu ulikuwa umeshajibu “Milele, amina” pamoja na ukumbi mzima. Watu walicheka hadi wakapiga meza. Nami nilicheka. Baba peke yake hakucheka, aliniangalia tu, kofia yake magotini.

Nilizungumza vizuri siku ile, sitajifanya mnyenyekevu. Nilichagua mfano wa ziwani. Kila aliyewahi kuteremka Mbamba Bay amewahi kuona ule moshi unaoinuka katikati ya maji, nguzo nyeusi zinazotembea bila moto chini yake. Niliwaambia kwamba wapo watu waliodhani ni moshi wa mafiga ya waliozama. Kisha nikawaeleza kwamba ni vijidudu tu, mamilioni kwa mamilioni, waliokulia gizani chini ya ziwa na kuinuka pamoja kufuatana na mwezi ili wapandane na kufa. Nimewakamata kwa mikono yangu na kuwaonyesha wanafunzi kwenye darubini. Ukitazama kwa karibu, nilisema, hofu inageuka mdudu.

Padre alijibu kwa utaratibu. Alikuwa kijana, msomi, mcheshi, akasema yeye hana ugomvi na wadudu wangu wala na darubini, anachotaka kujua ni nani aliyewafundisha mwezi. Watu wakampigia makofi. Tukaenda hivyo, nipe nikupe, na kusema kweli nilikuwa nafurahia.

Kisha zikaja zamu za maswali. Akasimama mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga mbili, akaniuliza bila kejeli yoyote: “Mwalimu, hayo ya wadudu tumeyasikia. Sasa wewe ukiitwa jioni na sauti ya marehemu wako, utaitika?”

Sikuwa nimempanga mama yule, ingawa baba hadi leo anadhani nilimpanga.

“Nitaitika,” nilisema. “Nitaitika kwa sauti, kisha nitamuuliza anataka nini, kwa sababu nimemkumbuka.”

Walicheka, wengine wakapiga vigelegele. Padre naye akachukua kipaza sauti akasema kwamba katika hilo anaungana na mwalimu mia kwa mia: marehemu wako mikononi mwa Mungu, hawazungukizunguki mashambani wakiita majina ya watu, na Mkristo anayeamini kwamba huita amrudie Mungu wake. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile pande mbili kukubaliana, na ukumbi ulishangilia kuliko wakati wowote. Nikamtazama baba. Alikuwa anaizungusha kofia yake taratibu, mzee mmoja katikati ya makofi, na imani na sayansi zote zimemkana kwa pamoja. Niliona huruma, lakini niliona pia ushindi, na ushindi ulikuwa mkubwa zaidi.

Bodaboda walituacha mahali ambapo njia huishia, tukaanza kupanda kwa miguu. Baba alitangulia hatua chache. Kisha akasema, “Umeahidi mbele za watu.”

“Nimeahidi.”

“Basi tufanye hivi. Ukiitwa, itika. Kukicha na wewe mzima, nitarudi kwenye vidonge vyangu na sitasema neno.”

Karibu nicheke. Nilijua la kufanya: jioni ile yeye angesema “anaita,” mimi ningepaza sauti nikaitika hewani, tungelala, kungekucha, yangekwisha. Nikampa mkono tukakubaliana.

Nyumbani kwetu tuliongea Kimatengo, lakini kuitika tuliitika kwa Kiswahili, kwa amri ya mama. Wavulana “naam,” wasichana “abee.” Ukiitika “nini” au ukichelewa, unafuatwa na fimbo. Mimi nilikuwa na jina la utotoni ambalo mama peke yake alilitumia, na alipokuwa shambani aliliita huku akiivuta silabi ya mwisho ili ivuke bonde. Alipofariki, jina lile lilikosa mtu wa kulitamka. Hata baba hakuwahi kuniita hivyo.

Tulifika ukingoni mwa shamba jua likiwa limeshuka. Upande wa magharibi hewa ilikuwa safi na ziwa lilionekana kwa mbali, na juu yake nguzo moja ya ule moshi wangu, imesimama wima. Upande wetu ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mraba kwa mraba, ukimeza mistari ya nyasi.

Ndipo nikaitwa.

Jina lilelile. Silabi ya mwisho ikavutwa, ikavuka bonde, ikakatika pale ilipozoea kukatika, kama mtu anayepumua ili ainue jembe tena.

Nilikuwa na maelezo. Yalinijia papo hapo na yalikuwa mazuri: mama mwingine ng’ambo anamwita mwanawe, mwangwi unayageuza maneno, siku nzima sikula, nimetoka kuulizwa swali hilihili. Maelezo yote yalikuwepo. Mdomo ndio haukuwepo. Mdomo uleule uliojibu “Milele, amina” bila ruhusa yangu ulikuwa umefungwa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, si msibani, si ziwani.

Baba hakuwa anatazama shamba. Alikuwa ananitazama mimi.

“Leo si mimi,” alisema kwa upole.

Sauti ikaita tena, sasa karibu zaidi, kwenye miraba ya katikati. Mama hakuwa mtu wa kuita mara ya tatu. Nilijaribu, Mungu ninayemkana ni shahidi, nilijaribu kufungua mdomo. Ilikuwa kazi ndogo sana, neno moja, na maisha ya baba yalikuwa juu ya neno hilo. Halikutoka.

Baba akanisogeza nyuma yake kwa mkono mmoja. Akavua kofia. Akakohoa kusafisha koo, na mzee yule, katekista, mwenye sauti nzito iliyosomesha sala kanisani miaka nenda rudi, akaibana sauti yake ikawa nyembamba kama ya binti, akaitika kuelekea kwenye ukungu:

“Abee.”

Bonde likatulia. Hata vyura hatukuwasikia. Akavaa kofia yake, akanishika mkono kama ninavyokumbuka alivyonishika nikiwa mdogo, tukaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Asubuhi nilimkuta jikoni. Alikuwa ameshachemsha chai, na kando ya kikombe chake ameweka vidonge, mwenyewe. Akavimeza mbele yangu, kimoja kimoja.

“Sikuitika, baba,” nilimwambia. “Umeshinda. Hukulazimika.”

“Nimeitika kwa sauti yako,” alisema. “Kwa hiyo atakuja kukuchukua wewe. Haifai anikute kitandani hoi, au anikute nimekufa. Inabidi nikae mzima mlangoni, nimwambie amekosea.”

Nilikuwa na la kumjibu. Lilikuwa lilelile nililolisema ukumbini na likapigiwa makofi, kwamba hakuna anayekuja. Ningelisema naye akaliamini, asingekuwa na mlango wa kulinda, angeacha vidonge siku hiyohiyo. Nikanywa chai yangu. Kabla ya kuteremka ziwani nilichukua jembe la mama, nikafukia miraba ya nyasi kuanzia ile ya juu, mpaka mikono ikachubuka. Baba alikaa kizingitini muda wote akiangalia bondeni.

Mbinga watu bado wananiuliza nani alishinda mdahalo ule. Nawaambia padre, wanafurahi.

Kila jioni nampigia baba simu. Mimi namuuliza kama amemeza dawa, yeye ananiuliza kama nimeitwa. Ndiyo maongezi yetu. Mwezi uliopita alianza kuchoka. Alisema vidonge vinamkausha mdomo, alisema pengine huyo aliyeita ameshasahau, na yeye amechoka kulinda mlango. Nilikuwa nimesimama ufukweni, simu sikioni, na moshi ulikuwa umeinuka juu ya maji na kuanza kusogea nchi kavu.

“Baba,” nilimwambia, “nimeitwa tena.”

Nikamsikia anatafuta kikombe, nikasikia maji, nikamsikia anameza.

“Usiitike,” alisema. “Nipo.”

Sikumdanganya.