Tone Lililotoka Banissa

Mke wangu alinifundisha hesabu za maji kwa simu, yeye akiwa Banissa na mimi Garissa, na kati yetu nyika ndefu ambayo hata ndege huivuka wakiwa na chakula cha njiani. Alipelekwa huko kufundisha hisabati juma lile lile tulipomaliza kuchagua mapazia ya nyumba yetu. Nikabaki na mapazia, na kazi ya ufundi wa pampu kando ya Tana, na masomo ya jioni niliyojiandikisha ili ile nyumba isinimeze.

Tulipigiana simu saa nane mchana, joto likishafunga maduka na mbuzi wakigombania kivuli cha nguzo ya umeme. Joto hilo silitii chumvi: nimewahi kuweka chai dirishani ipoe, nikaikuta inachemka.

Mchana mmoja nilimsomea swali. Kasi ya tone la maji huvunjwa vipande viwili, vijenzi kwa lugha ya vitabu: u ni mwendo wa mbele, v ni mwendo wa kando. Swali lilisema u ni x kutoa tatu, na v ni mbili kutoa y. Tafuta nukta tuli, yaani mahali ambapo maji yamesimama kabisa. Nikajibu kwa kishindo cha waziri: x ni tatu, nimemaliza.

"Umesimamisha mstari mzima, mzee," akasema. "Na v je? Mtu ameacha kwenda mbele lakini bado anayumba kando, huyo ametulia?"

Alicheka mpaka mtandao ukakatika. Uliporudi tukaviweka vyote viwili kuwa sifuri, tukaipata nukta yetu: tatu na mbili. Sijawahi kupenda namba namna ile. Ukinipa chumba cha hoteli nambari thelathini na mbili hata leo nitalala vizuri.

Alikuwa ameomba uhamisho aje Garissa. Likizo alikuja, lakini likizo huyeyuka kama barafu sokoni. Uhamisho wa kwanza ulimfikisha Buna. Nilifua mapazia, nikawatangazia watu wote kazini na wengine ambao hawakuwa kazini. Akakaa huko huko Buna. Uhamisho wa pili ukamleta Wajir mjini, baada ya kungoja zaidi. Nikafua mapazia tena. Wa tatu ulichukua muda mrefu kuliko yote, ukamtua Balambala, kando ya Tana hii hii, juu zaidi maji yanakotoka. Kila mara alinikaribia, na kila mara kungoja kulirefuka. Mapazia yalikuwa yamechujuka, huwezi kujua yalinunuliwa ya kijani au ya manjano.

Ndipo mwalimu wetu wa jioni, Msomali wa Wajir mwenye sauti ya kuamsha ngamia, akaturudishia lile swali. Alichora tone likiwa juu ya nukta tuli, kwenye mstari wa x sawa na tatu, likishuka moja kwa moja kuielekea. Akanigeukia.

"Walaal, ndugu yangu, wewe unabenda hii swali. Hii tone inafika lini?"

Nikasema kesho, inshallah. Darasa likacheka, mwalimu mwenyewe akacheka, kisha akatuonyesha ubaoni. Tone likibakiza nusu ya njia, kasi yake nayo inabaki nusu. Likibakiza robo, kasi ni robo. Kila linapokaribia ndivyo linavyozubaa.

"Haifiki," akasema, akipangusa chaki mikononi. "Inakaribia tu, mbaka kiyama."

Wenzangu waliandika. Mimi niliwaza Balambala.

Tangu hapo, kazi ikiisha, nilikuwa nikishuka ukingoni kutazama maganda ya tikiti yakiletwa na maji kutoka juu. Ganda lililolenga katikati ya nguzo ya daraja lilipunguza mwendo, likasita mbele yake, likatetemeka kidogo kama mgeni asiye na hakika ya mlango. Kisha maji yakalisukuma upande. Maganda yote niliyahesabu kuwa ya mke wangu, hata kama wanaokula matikiti kandokando ya Tana ni nusu ya dunia.

Siku nilipopewa cheti hakuja. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Tulizungumza kwa simu, nami nikamweleza habari ya tone lisilofika. Nilidhani atacheka. Badala yake akauliza:

"Na nukta inafanya nini muda wote huo?"

"Nukta haitembei, mwalimu. Ndiyo kanuni."

"Swali lilisema nukta ni tatu na mbili," akasema. "Halikusema ni wewe."

Masomo yalikuwa yameisha. Nilimwambia, nikijikwaa kwenye maneno, kwamba Balambala nako kuna mashamba kando ya mto, na pampu za wakulima huharibika huko kama za hapa, na kwamba barabara ikipitika ningeweza kuhamia.

Nikasikia vyombo vikigongana jikoni kwake.

"Njoo na birika," akasema. "Langu limetoboka."

Jioni hiyo niliosha birika, nikalifunga kwa gazeti. Halafu nikapanda kiti na kushusha mapazia ili niende nayo. Dirisha la nyumba yake ya Balambala sijawahi kuliona, sijui yatatosha au yataburura chini. Jua la Garissa likaingia ndani bila hodi, nami nikakaa katikati yake, nikisubiri redio itangaze hali ya barabara.